Koti Lililovuliwa Mlangoni

1.

Uzi mwekundu.
Sindano nyembamba.
Kipande cha kanga.
Pasipoti.

Na mkono usiotetemeka.


2.

Usiniulize kwa nini mtu mzima mwenye akili zake timamu ashone pasipoti ndani ya koti. Kwao Somoe, Lindi, ndivyo wanawake wasafirivyo. Bibi yake alikwenda kuhiji na vitu vyake vya thamani ndani ya pindo la gauni. Mama yake alipopelekwa hospitali kubwa ya Dar es Salaam, barua ya daktari ilikuwa imeshonewa ndani ya sidiria, na daktari wa pili aliisubiri nje ya pazia mpaka ilipofumuliwa. Mama alikuwa na msemo wake: "Mkoba mwizi anaukwapua akaenda zake. Nguo uliyoivaa ataikwapuaje, asikukwapue na wewe?"

Maneno ya mama hayaozi.

Somoe akaingiza pasipoti katikati ya koti na bitana, chini kabisa, karibu na pindo la kushoto. Akaizungushia mshono wa kurudi nyuma, ule ambao ukikatika mahali pamoja hauachii pengine. Akafunga fundo. Uzi akaukata kwa meno.

Kwa meno. Lishike hilo, msomaji. Utalihitaji.


3.

Somoe ni mpishi wa shule. Si fundi cherehani. Fundi anashona apate kula. Somoe anashona kwa sababu akikaa bure vidole vinamwasha. Jiko la shule amelishonea mapazia ambayo hakuna aliyemwomba. Jogoo wa jirani alimshonea kofia, wakacheka mtaa mzima, jogoo mwenyewe akaona haya siku mbili.

Na gauni la harusi la mdogo wake Hawa alilishona yeye. Kila ubavu aliacha akiba ya vidole viwili, kitambaa kimekunjwa kwa ndani, ili mwenyewe akinenepa lifunguliwe.

"Mwili hauna mkataba," alisema. "Nguo isiyo na akiba ni sanda."

Hawa alinenepa. Gauni likafunguliwa. Sasa Hawa yuko Munich, Ujerumani, anatunza wazee, na ndiye aliyemwalika dada yake aje amtembelee miezi mitatu. Miezi yenyewe ndiyo hii inakwisha.


4.

(Sauti ya Hawa kwenye simu, Ijumaa, akiwa kazini. Nyuma yake kuna mzee anaomba chai.)

"Da Somoe, nisikilize vizuri. Kesho nakupeleka Innsbruck ukaone milima kabla hujaondoka. Tunalala, Jumapili jioni tunarudi. Ile ni nchi nyingine, Austria, hata kama treni haipigi hodi. Kwenda hawasumbui. Kurudi ndiko wanakopita na kuangalia. Pasipoti weka kwenye mkoba, mkoba uvae kifuani. Usinifanyie mambo yako ya kushonashona, umesikia? Jumatatu ndiyo ndege, na Jumatatu ndiyo mwisho wa viza. Mwisho, dada. Mimi ndiye niliyeweka sahihi kwamba utarudi. Usiporudi ataitwa Hawa, si Somoe. Na karatasi zangu mwenyewe za kuishi hapa bado ziko mezani kwao, hazijagongwa muhuri. Haya. Chukua na soksi nzito. — Nakuja, babu, nakuja."

Ujumbe ulipofika, fundo lilikwisha fungwa.

Somoe aliusikiliza mara mbili. Akaligusa pindo. Akasema peke yake: "Mkoba, mkoba. Mkoba una mshono gani?"


5.

(Koti linasema.)

Mimi nilizaliwa huku huku, kwenye baridi. Nilivaliwa nikachokwa. Nikatiwa boksini, boksi likatiwa meli, nikabanwa kwenye robota moja na mashati na sidiria za watu nisiowajua. Nikamwagwa juu ya turubai sokoni Lindi, jua la mchana, mimi sufu nzito ya kijani. Watu walinivaa kwa kucheka. Mmoja alinivaa akacheza ngoma.

Yule mpishi hakucheka. Alinigeuza ndani nje, akanipapasa ubavuni. Akasema, "Huyu kashonwa na mtu anayejua."

Bitana langu lililochanika alilitoa. Akaniwekea kanga. Mbavu zangu akazipunguza zimtoshe, akaacha akiba ya vidole viwili kila upande. Jina la kanga likaangukia mgongoni, kwa ndani, pasipoonekana: STARA YA MWENZIO NI STARA YAKO. Kifungo changu cha tatu kilikuwa kimepotea. Akanichongea kingine kwa kifuu cha nazi.

Nami nikarudi. Nguo ya mtumba iliyorudi kwao. Wangapi kati yetu wamepata hilo?


6.

TANGAZO

Abiria mnaarifiwa kuwa treni hii inakaribia mpaka. Abiria wote wanatakiwa kuwa na hati halali za kusafiria muda wote wa safari. Abiria asiye na hati halali hataruhusiwa kuendelea. Asanteni kwa kuchagua kusafiri nasi. Mgahawa uko behewa la kati.

"Wanasemaje?" aliuliza Somoe.

"Kuna chai behewa la kati," alisema Hawa, akapiga miayo.


7.

Innsbruck. Jumamosi.

Milima imeuzingira mji kama mafiga yaliyozingira chungu. Juu theluji, chini nyumba za rangi za pipi, katikati mto wa kijivu unaokwenda mbio kama unadaiwa.

Wageni wote wanatazama nyumba ya kale yenye paa la dhahabu, fahari ya mji.

Somoe anatazama:

mzee aliyevaa kaptura ya ngozi, magotini imetariziwa majani kwa uzi wa kijani, mshono mmoja mmoja, hakuna mashine iliyopita hapo

gauni dirishani, kiuno kimebanwa kwa kamba mbele kama mdomo wa kikapu

duka la vifungo. Vifungo tu! Ukuta mzima! Limefungwa. Pua yake imeacha doa kwenye kioo

mstari wa theluji mlimani, unakatika unaendelea, kama lapta, mshono wa muda, wa mtu mwenye haraka

"Da Somoe! Mlima uko kule. Wewe umeganda kwenye magoti ya wanaume."

"Natazama uzi."

"Mwenyewe anafikiri umempenda."

"Akiniachia hiyo kaptura, simkatai."

Hawa alicheka mpaka akashika ukuta. Safari hii atacheka hivyo mara moja tu tena. Sikuambii ili kukutisha. Nakuambia ili ukiweke hicho kicheko mahali.


8.

Kulikuwa na joto la ajabu. Upepo ulishuka milimani wa moto, kama umefunua sufuria. Wenyeji walitembea wameshika vichwa.

"Huu upepo," alisema Hawa, "huku wanasema unaumiza kichwa na kuharibu akili za watu. Ukikoma tu, baridi inarudi hapo hapo, na mvua."

Somoe alikuwa anatoka jasho ndani ya sufu. Vifungo vyote alikwisha fungua.


9.

Mlango wa kanisa, alasiri. Hawa alisikia kwamba ndani kuna nguo za makasisi wa zamani, zimetariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Angeachaje kumwambia dada yake?

"Sisi watu wa msikitini tuingie?"

"Kuangalia hakubatizi mtu. Twende."

Somoe aliinama, akaanza kuvua viatu.

"Dada! Huku hawavui viatu."

"Nyumba ya Mungu, na viatu?"

"Na viatu."

"Na hizi njia zote tulizokanyaga?"

"Da Somoe, usiniaibishe. Ingia." Hawa akatangulia.

Somoe akabaki kizingitini na mguu mmoja umevuliwa kisigino. Hakuridhika. Kwao hata kwa jirani huingii hivi hivi. Kuna kitu unakiacha nje, ndipo wajue umekuja kwa heshima. Mlango wa msikiti siku ya Ijumaa una ndara mia mbili, na hakuna anayevaa za mwenziwe, labda siku ya Idi zikiwa mpya.

Akageuza macho.

Ukutani, kando ya mlango, palikuwa na kulabu. Juu ya kulabu makoti. La bluu, la kahawia, la mtoto. Yametundikwa vizuri, yametulia, kama ndara zinazomsubiri mwenyewe.

Aaa.

Kumbe.

Huku hawavui viatu. Wanavua makoti.

Moyo wake ukapoa. Akalivua koti, akalikung'uta, akalitundika kwa kitanzi alichokishona kwa mkono wake. Akabonyeza pindo la kushoto. Gumu. Ipo.

Akaingia na mikono mitupu, kama mtu mwenye adabu.


10.

(Kibao kidogo juu ya zile kulabu. Wewe unasomewa. Yeye hakusomewa.)

UKUTA WA HISANI
Una koti usilolihitaji? Tundika.
Unasikia baridi? Chukua.
Usijieleze. Usishukuru.


11.

Ndani ya kabati la kioo, joho la kasisi.

Nyuzi za dhahabu zimelazwa, kisha zimeshikwa kwa uzi mwembamba wa hariri, tone, tone, tone, mpaka zabibu zikatoka, mpaka majani yakatoka, mpaka ndege mmoja akatoka na jicho. Aliyefanya kazi hii alikufa zamani na hakuandikwa popote. Lakini hapa, chini ya bawa, alikosea. Akafumua. Akarudia. Alama za sindano ya kwanza bado zipo. Somoe akaziona.

"Pole, mwenzangu," akanong'ona. "Ulikuwa umechoka."

Hawa alimvuta mkono. Akamvuta tena. Somoe alikuwa amekwenda mbali, kwenye karne ya mtu mwingine, na huko hakuna pasipoti.


12.

Kulabu.
        Koti la bluu.
Kulabu.
        Koti la kahawia.
Kulabu.
        Koti la mtoto.
Kulabu.

Kulabu.


13.

"Koti lako liko wapi?" Hawa aliuliza.

Somoe alionyesha ukuta kwa kidevu.

Hawa alisoma kibao. Akasoma tena. Akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. "Ee Mola wangu! Dada umetoa sadaka! Mtu kapita hapa kasikia baridi kachukua. Halali yake!"

Mzee mmoja alikuwa anafagia ngazi. Hawa alimuuliza kwa Kijerumani, yule akajibu bila kuacha kufagia. Mwanamke, alisema. Mnene. Na mifuko. Anakuja mara kwa mara, leo amepata la kijani, amefurahi sana. Amekwenda upande wa mtoni.

"Usijali," Hawa alimwambia dada yake, anafuta machozi ya kucheka. "Koti la mtumba lile. Limerudi kwao. Nitakupa langu. Kulikuwa na kitu mfukoni?"

Somoe akamtazama mdogo wake. Mtoto aliyemlea mgongoni.

"Mfukoni?" akasema. "Hapana. Mfukoni hapakuwa na kitu."


14.

(Hapa Somoe alitakiwa kusema neno. Hakulisema. Nimeacha nafasi yake.)




15.

Nyumba ya wageni, jua linaingia nyuma ya mlima. Kijana wa mapokezi ana tabasamu la kazi.

"Hati za wote wawili, tafadhali."

Hawa akatoa yake. Akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, kama mtu anayeomba chumvi.

"Da Somoe, pasipoti."

Kiganja kikangoja.

"Da Somoe."

Kiganja kikajikunja kidole kimoja kimoja.

Hawa akageuka. Akauona uso wa dada yake. Macho yakashuka mpaka mkoba wa kifuani, mwembamba, bapa, kama tumbo la aliyefunga saumu. Kisha yakapanda, taratibu, mpaka kwenye mabega yasiyo na koti.

"Hukushona," alisema. "Niambie hukushona."

Kijana wa mapokezi bado alikuwa anatabasamu.


16.

Hawa alikuwa na picha ya pasipoti kwenye simu yake, kijana akaridhika nayo. Picha inakulaza. Picha haikuvushi mpaka.

Chumbani:

"Nilikwambia usi—"

"Nilikuwa nimekwisha shona."

"Ungefumua! Si una meno?"

"Mama alisema—"

"Mama hakufika Austria!"

Hawa akautupa mkoba kitandani.

"Nimekaa huku nakwenda kama mtu anayekanyaga mayai. Miaka. Sivuki barabara taa nyekundu hata usiku hakuna gari. Sicheki kwa sauti kwenye basi. Nimeweka jina langu chini ya jina lako, dada. Jumatatu wakikuta hukuondoka, wakikuta huna hata kitabu cha kuonyesha wewe ni nani, unafikiri watamwita nani? Ile karatasi yangu wataigonga muhuri, au wata—"

Alikaa kitandani, akavua viatu, akaviweka nje ya mlango wa chumba. Mazoea. Akavitazama. Akavirudisha ndani.

"Kwa nini hukuniambia pale pale? Yule mama alikuwa bado yuko njiani."

Jibu la Somoe lilikuwa moja tu, na la kweli: alikuwa mkubwa. Mkubwa haombi radhi mlangoni pa kanisa mbele ya mtu anayefagia.


17.

Jumapili. Upepo umekoma. Mvua nyembamba, baridi yenye meno.

Walikubaliana. Watafute wote mpaka adhuhuri. Wasipoona, Hawa aende polisi, liwalo na liwe, Somoe aendelee kutafuta. Treni ni saa kumi na moja jioni.

Somoe alivaa sweta la Hawa. Mkononi alishika kopo la biskuti lisilo na biskuti: sindano, nyuzi, chaki, wembe uliofungwa kwenye karatasi. Fundi wa kwao hafumui kwa mkasi. Mkasi unakula kitambaa. Anafumua kwa wembe.

Hutazami uso ukitafuta nguo. Hilo alilijua. Unatazama bega, mkono unavyoanguka, pindo linavyocheza mtu akitembea.

Kijani, lakini zipu.
Kijani, lakini la mwanamume.
Kijani, sufu, urefu ule ule, vifungo vyote sawa. Siyo.
Kahawia.
Kijani! Limepita dirisha la gari.
Siyo.
Siyo.
Bluu. Kwa nini ametazama la bluu? Macho yamechoka.
Siyo.


18.

(Maneno ya wapita njia. Somoe aliyasikia yote, asielewe hata moja. Nakutafsiria wewe tu, nami linaniuma.)

— Jana kichwa, leo magoti. Mji huu!

— Mama, yule anatafuta nini? Anatazama watu tumboni.

— Usimwonyeshe kidole.

— Umemwona Vroni na koti lake jipya? Limembana kama soseji, lakini anatembea kama malkia.

— Alikuwa darajani asubuhi. Sasa atakuwa upande wa soko, kuna paa.

— Samahani, bibi, unahitaji msaada?

Huyo wa mwisho aliinama mpaka macho yakakutana. Msichana mwenye mwavuli. Somoe alimwonyesha kwa mikono: koti, mpaka hapa, kifungo. Msichana akatabasamu, akampa mwavuli, akaondoka mbio kwenye mvua.


19.

TAARIFA YA HATI ILIYOPOTEA
(Inajazwa na ofisa. Anayejibu ni Hawa.)

Je, hati iliibwa?
Hapana.

Je, iliangushwa au kusahauliwa?
Hapana.

Ilikuwa wapi mara ya mwisho?
Ndani ya bitana.

Rudia.
Ndani ya koti. Imeshonwa.

Kwa nini imeshonwa?
Kwa usalama.

Koti liko wapi?
Limevaliwa.

Na nani?
Na mwenyewe. Mwenyewe wa sasa.

Eleza.
Tulilitoa sadaka. Hatukujua.

Ofisa aliweka kalamu chini. Hakuna kisanduku cha jibu hilo. Akamwita mwenziwe. Wakaongea kwa sauti ndogo. Kisha ofisa akasimama, akavaa kofia, akasema maneno ambayo Hawa aliyaogopa miaka yote, ingawa safari hii yalisemwa kwa upole:

"Twende pamoja."


20.

(Sauti ya Hawa kwenye simu. Anahema.)

"Da Somoe, niko na polisi wawili, wamesema watatusaidia kumtafuta, wanamjua yule mama. Tunakuja upande wa soko. Kaa ulipo, usifanye kitu. Dada? Usimguse mtu. Umesikia? Usimgu—"

Simu ya Somoe ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, chini ya nyuzi. Ilitetemeka mle kama mende.


21.

Chini ya paa la soko, kwenye benchi.

Kwanza pindo. Kijani, limelowa, limegusa chini. Kisha bega. Kisha, pale kifuani, mahali vifungo vilipokataa kukutana kwa unene wa mwenyewe, kimoja kilichofungwa kwa nguvu.

Kifuu.

Somoe akasimama. Mvua ikapiga mwavuli wa mtu mwingine.

Yule mwanamke alikuwa mtu mzima, mkubwa kuliko yeye, viatu vya kiume, mifuko minne imefungwa pamoja kwa ukanda. Alikuwa anakohoa. Akikohoa, mkono wa koti ulivutika, na Somoe aliona, hata akiwa mbali, kwamba chini ya kwapa mshono umeanza kuachia. Koti ni dogo kwake. Linamuumiza.

Na akiba ipo, akawaza Somoe. Vidole viwili kila ubavu. Niliiacha mwenyewe.

Lilikuja peke yake, wazo hilo, kabla ya pasipoti. Akaona aibu. Kisha hakuona.

Akasogea.

"Shikamoo, mama."

Ulimi haukumuuliza. Yule mwanamke akainua macho ya kijivu, akaisubiri sentensi nyingine. Haikuja. Somoe akaonyesha koti. Akaonyesha kifua chake mwenyewe. Mimi. Langu. Kushona. Akafanya vidole vya sindano.

Mwanamke akalishika koti kwa mikono miwili, akalifunga shingoni.

"Nein," akasema. Hapana hiyo hata Somoe aliielewa.

"Silitaki, mama. Kaa nalo. Lako hilo. Nataka cha ndani tu."

Akafungua kopo. Simu ikang'aa, ikatetemeka, hakuiona. Aliutafuta wembe. Akaufunua kwenye karatasi, kama alivyoufunua maisha yake yote, mbele ya mtu yeyote, ndani ya vyumba vya wanawake wanaonenepa na kukonda na kuolewa.

Mwanamke akapiga ukelele.


22.

Simama hapa nami kidogo, msomaji.

Tazama kutoka mbali, kutoka kule walikotokea Hawa na polisi wawili, kwenye kona ya soko. Nini kinaonekana? Mwanamke mweusi amesimama. Kitu chembamba kinang'aa mkononi. Mwanamke mzee amejikunyata kwenye benchi, anapiga kelele.

Polisi mmoja anakimbia. Wa pili ameshika kiunoni. Hawa anapaza sauti kwa Kijerumani, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa kitu kisicho lugha.

Tazama sasa kutoka karibu. Ni wembe wa kufumulia. Umepata kutu kwenye pembe.

Nani atafika karibu kwanza?


23.

TANGAZO

Treni ya kwenda Munich itaondoka kwa wakati uliopangwa. Abiria mnaombwa kuwa na hati zenu mkononi.


24.

Somoe aliyaona macho yale ya kijivu yanatazama nini. Akautazama mkono wake. Akauona wembe kama mwenziwe alivyouona, mara ya kwanza katika maisha yake.

Akauweka chini, juu ya mawe. Akausukuma kwa mguu, mbali.

Akauweka chini mwavuli.

Akapiga magoti kwenye maji, mikono wazi, kama anayetaka kupima pindo la gauni la bibi harusi. Wangapi amewapigia magoti hivi, akinamama wakubwa kwa wadogo, pini mdomoni, wao wamesimama wananyoosha shingo kutazama kioo? Hakuna aliyemwogopa mtu aliye kwenye pindo lake.

Akalishika pindo la kushoto. Akalibonyeza.

Gumu.

Ipo.

Nyuma yake viatu vinakimbia kwenye maji. "Da Somoe! Usi—"

Akainamisha kichwa, akalileta pindo mdomoni. Sufu imelowa, ina ladha ya mvua, ya moshi, ya mtu mwingine. Ulimi ukalitafuta fundo. Uzi wake mwenyewe, mshono wake mwenyewe wa kurudi nyuma, ule usioachia. Laiti angeshona vibaya! Akauma. Haukukatika. Akauma tena.

Kanga ikafunuka kidogo, nyekundu, kwenye mji ule wa kijivu.

Ukelele ukakoma.

Na juu ya kichwa chake, palipokuwa pametulia ghafla, Somoe akausikia mkono mzito wa yule mama unashuka, pole pole, haujui bado unakuja kusukuma au

uzi ukakatika